Walihama au walihamishwa? Kitenzi na historia anayofunzwa mtoto

KABLA ya mtoto kuandika neno lolote katika daftari la kazi ya nyumbani, swali aliloulizwa huwa limeshamfundisha jambo. Limemweleza nani alitenda, nani alitendewa na nani hana haja ya kutajwa. Hoja yangu leo ni kwamba funzo hilo la kimyakimya hupitia katika kitenzi, na kwamba wengi wanaowasaidia watoto kujibu maswali ya historia na somo la jamii hukimbilia jibu wakakiruka kitenzi. Wanamsaidia mtoto kupata alama, naam, lakini wanamwacha na historia isiyo na mtendaji.

Naishi Njoro, yapata kilomita 20 kutoka jijini Nakuru. Jioni za siku za shule, watoto wa majirani huniletea madaftari. Ungedhani wanataka msaada wa Kiswahili, somo nililolifundisha chuo kikuu kwa zaidi ya miongo mitatu. Wapi! Kiswahili, wanasema, "ni rahisi, Guka." Wanachotaka ni sababu tano za hiki, athari nne za kile, na jina la mtu wa kwanza kufanya jambo fulani. Na wanazitaka chapuchapu, kwa maana hesabu bado hazijafanywa na stima inaweza kupotea wakati wowote.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, mzazi ameingizwa darasani apende asipende. Mtoto anatumwa nyumbani kuuliza, kukusanya, kuchora na kubandika picha. Kwa hivyo swali la historia hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kujibiwa: mama aliyetoka kazini akiwa hoi, kaka aliye shule ya upili, nyanya asiyesoma Kiingereza, kijana wa saiba anayechapisha picha kwa shilingi kadhaa, na siku hizi simu yenye programu ya akili mnemba inayojibu kila kitu kwa sauti ya kujiamini. Kila mmoja anampa mtoto jibu. Ni nadra kumpata anayesema, "Hebu tusome swali tena."

Basi tusome swali tena. Nianze na swali ambalo wazazi wengi wa eneo hili wameliona kwa sura moja au nyingine: Kwa nini Wamaasai walihama kutoka Naivasha na Nakuru hadi Laikipia? Kitabuni swali hili huwa la Kiingereza, kwa kuwa kuanzia Gredi ya 4 Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia somo la jamii. Kitenzi chake huwa "move". Kitenzi hicho kina ujanja wake. Umbo moja hutumika kwa anayehama kwa hiari na kwa anayemhamisha mwenzake, na msomaji wa haraka hapati ishara yoyote ya kumsimamisha.

Kiswahili kina ishara hiyo. Tuna hama, hamia, hamisha na hamishwa. Silabi moja tu ikiongezwa, anaingia mtu wa pili kwenye sentensi, yule aliyesababisha. Mtoto wa Gredi ya 6 anayajua haya. Jumanne asubuhi, katika kipindi cha Kiswahili, ananyambua vitenzi kutoka kauli ya kutenda hadi ya kutendeshwa na kupata alama zote. Alhamisi, katika somo la jamii, anaandika "walihama" bila kusita. Hakuna aliyemwambia kwamba alichojifunza Jumanne ni kifaa cha kusomea historia.

Hebu tuangalie yaliyotokea. Mnamo Agosti 1904, Laiboni Olonana, ambaye vitabu humwita Lenana, na wazee wenzake walitia alama zao kwenye mkataba na serikali ya Waingereza iliyoongozwa na Kamishna Donald Stewart. Mkataba huo uliwaondoa Wamaasai katikati ya Bonde la Ufa, penye maji, nyasi na reli iliyokuwa imefika Nakuru mwaka 1900. Uliwagawa katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli. Ardhi waliyoiacha wakagawiwa walowezi. Mkataba uliahidi kwamba mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba mwingine uliwatoa wale wa Laikipia na kuwapeleka kusini. Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani kupinga, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Mahakama ilisema mikataba ile ilikuwa baina ya mataifa mawili, kwa hivyo haikuwa na uwezo wa kuiamua. Ajabu ya Musa! Wamaasai walikuwa taifa la kigeni mlangoni mwa mahakama, na raia wa kuamrishwa kila serikali ilipotaka malisho yao.

Sasa rudi kwa mtoto na daftari lake. Swali "kwa nini walihama" humwelekeza atafute sababu ndani ya Wamaasai wenyewe. Atazipata: sotoka iliyofyeka ng'ombe wao katika miaka ya 1890, ndui, njaa, na vita baina ya wafuasi wa Lenana na wa nduguye Sendeyo baada ya kifo cha baba yao, Mbatian. Yote ni kweli. Lakini yanaeleza kwa nini Wamaasai walikuwa wamedhoofika. Hayasemi nani aliwatoa. Uliza "nani aliwahamisha, na aliitakia nini ardhi hiyo?" na jibu litabadilika kabisa: serikali iliyojenga reli kwa gharama kubwa, iliyohitaji mazao ya kusafirisha, na iliyoamua kwamba mazao hayo yalimwe na Wazungu. Mtoto aliyejibu swali la kwanza anaweza kupata tano juu ya tano pasipo kuandika neno "serikali" hata mara moja.

Kitenzi cha pili kinachonikera ni "gundua". Nani aligundua Hyrax Hill? Jibu linalotarajiwa ni Louis Leakey, mwaka 1926. Hyrax Hill ni kilima kilicho kandokando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, karibu tu na jiji la Nakuru, na kimepewa jina hilo kwa sababu ya pimbi wanaoishi kwenye miamba yake. Maelfu ya miaka kabla ya Leakey, watu waliishi pale. Walizika wafu wao na kutengeneza vyombo. Baadaye wengine wakachimba yale mashimo ya mifugo ambayo husemwa kuwa ya Wasirikwa. Kwenye mwamba kuna vishimo vya bao vilivyochongwa na watu waliokuwa na wasaa wa kucheza. Leakey alitambua thamani ya mahali hapo kwa akiolojia, na Mary Leakey akafukua pale mwaka 1937 na 1938. "Alitambua" na "alifukua" ni vitenzi vya haki, na kazi ya wasomi hao haipungui hata chembe tukivitumia. Lakini huwezi kugundua mahali ambapo wenzako wameshacheza bao.

Kitenzi hicho hicho humpamba Joseph Thomson, Mskoti aliyepita katika nchi ya Wamaasai mwaka 1883, na ambaye jina lake lilibandikwa kwenye maporomoko ya Nyahururu. Kinachosahaulika ni kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo aliandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani. Kimameta alikuwa akizijua njia za huku bara kwa sababu ya biashara ya pembe za ndovu. Miaka michache baadaye, Teleki naye alipokwenda kaskazini, alimtumia Kimameta huyo huyo. Kuuliza "ni Mzungu yupi alikuwa wa kwanza kupita hapa?" ni sawa. Kuuliza "nani aligundua njia hii?" kunamfuta Kimameta pamoja na wenyeji waliompokea. Na ni kupitia misafara kama hiyo ambapo lugha hii ninayoiandika ilisikika Baringo na Naivasha kabla ya shule ya kwanza kujengwa. Wapenzi wa Kiswahili wana kila sababu ya kukiuliza kitenzi hicho maswali magumu.

Mfano wa tatu huja kwa umbo la jedwali. Upande mmoja mtoto ajaze jamii zilizopinga ukoloni, upande wa pili zilizoshirikiana na wakoloni. Upande wa kwanza wanaingia Wanandi na Koitalel Samoei, aliyeuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mazungumzo ya amani. Upande wa pili wanaingia Wamaasai na Lenana. Muda si muda, safu ya kwanza inaitwa ya mashujaa na ya pili ya wasaliti.

Kitazame kitenzi "shirikiana". Kile kiambishi -an- ni cha kauli ya kutendana: mimi nakutendea nawe wanitendea. Tunapigana, tunasaidiana, tunaoana. Kauli hii hudokeza pande mbili zenye uwezo unaokaribiana, kila upande ukiwa na nafasi ya kusema hapana. Je, jamii iliyopoteza mifugo, watu na umoja wake katika mwongo mmoja ilikuwa na nafasi hiyo mbele ya bunduki na reli? Ni kweli kwamba wapiganaji wa Kimaasai walitumiwa na Waingereza dhidi ya Wanandi, na mtoto aambiwe hivyo. Aambiwe pia kwamba mwaka 1904, kabla ya vita vya Wanandi kwisha, "washirika" hao walikuwa wameshapokonywa Nakuru na Naivasha. Ukilijaza jedwali, hutaona jambo hili. Ukiandika sentensi nzima yenye kiima, kitenzi na mwaka, utaliona.

Jedwali hilo lina kasoro nyingine ya msamiati. Koitalel na Lenana wote huitwa "machifu". Koitalel alikuwa orkoiyot, Lenana alikuwa oloiboni. Mamlaka yao yalitokana na ibada, utabiri na ushauri. Cheo cha chifu mkuu alichopewa Lenana kilitoka kwa Waingereza, waliohitaji mtu mmoja wa kutia alama kwenye karatasi kwa niaba ya wote. Neno "chifu" linapotumiwa ovyo, mtoto haoni kwamba cheo chenyewe kilitengenezwa ili mkataba upate mtu wa kuuweka sahihi.

Hadi hapa tumezungumzia yaliyopita zaidi ya karne moja. Sasa nije kwenye swali linaloumiza katika kaunti yetu: Eleza jinsi jamii yako ilivyofika mahali mnapoishi. Juu juu ni swali zuri. Linamtuma mtoto kwa shosho wake, au kwa kogo wake, akasikilize. Lakini katika darasa moja la Njoro, Molo au Kuresoi, mtoto mmoja atarudi na kitenzi "tulinunua" na jirani yake wa dawatini atarudi na kitenzi "tulinyang'anywa". Mwalimu atafanya nini na vitenzi hivyo viwili?

Wengi huvifunika. Wanamwambia kila mtoto aandike "tulihamia hapa kutafuta mashamba yenye rutuba", na alama zinatolewa. Mimi nasema vitenzi vyote viwili viachwe vikae ubaoni, kisha kila kimoja kiulizwe: lini, na kutoka kwa nani? Yule wa "tulinunua" atagundua, na hapa kitenzi hiki kinafaa, kwamba babu yake alikuwa skwota katika shamba la Mzungu. Baada ya uhuru alichanga pesa katika kampuni ya ununuzi wa mashamba kama Ngwataniro-Mutukanio, wakanunua kutoka kwa mlowezi. Mlowezi alimilikishwa na serikali ya kikoloni. Serikali ilipata wapi? Wa "tulinyang'anywa" atakuta kwamba kitenzi chake ni cha kweli, ila mtendaji wake si baba wa jirani yake. Ni dola iliyomhamisha babu wa mmoja na kumfanya babu wa mwingine kuwa kibarua. Vitenzi viwili vilivyoonekana kugombana vinageuka kuwa sura mbili za kisa kimoja.

Kisa cha Olenguruone, hapa hapa Kaunti ya Nakuru, kinatosha kuonyesha uzito wa kitenzi kimoja. Mnamo 1941 serikali ya kikoloni iliweka pale familia za Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwingineko. Wao walielewa kwamba wamepewa ardhi hiyo iwe yao, fidia ya waliyoipoteza. Serikali ilisema wameruhusiwa tu kukaa, chini ya masharti ya ukulima na urithi yaliyowekwa na maafisa. Kupewa na kuruhusiwa: mzozo mzima ulikuwa hapo. Walikataa masharti, wakala kiapo cha umoja, na kufikia 1950 walikuwa wamefurushwa, wengi wakapelekwa Yatta. Kiapo hicho kina nafasi yake katika historia ya vuguvugu la Mau Mau. Lakini mtoto anapotakiwa kutaja sababu tano za Mau Mau, huandika "ardhi" kama nambari moja, akaweka nukta na kupita kwenye kipande na kodi. Neno moja limemeza Olenguruone yote.

Sisemi orodha hazina kazi. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani na mtihani mbele yake anahitaji jibu linalosahihishika. "Taja sababu tano" linasahihishika haraka, na huenda ndiyo maana limeishi kuliko mitaala kadhaa. Ninachosema ni kwamba hata ndani ya orodha kila kipengele kinaweza kuwa sentensi kamili. "Ardhi" ni nomino pweke. "Serikali iliwafukuza wakulima wa Olenguruone" ina mtendaji, tendo na mtendewa, na alama yake ni ile ile moja.

Kuna pingamizi zito zaidi. Mwalimu mmoja, mwanamke makini ninayemheshimu, aliniambia hivi: "Prof, wewe unaongea kuhusu 1904. Mimi darasani nina watoto ambao wazazi wao walichomeana nyumba." Ana haki ya kuogopa. Eneo hili lilipigwa na ghasia za 1992, za 1997 na za 2007-2008. Katika wimbi la mwisho, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru uligeuka kuwa kambi ya wakimbizi wa ndani. Kwa kuhofia kutonesha kidonda, vitabu na walimu hutumia vitenzi laini: machafuko yalizuka, nyumba ziliteketea, watu walipoteza makao.

Hapa siwezi kukisingizia Kiingereza. Kiswahili chenyewe kina maficho mazuri. Kitu kinachozuka hakina aliyekizua. Nyumba inayoteketea inaweza kuwa imeshikwa na moto wa jiko. Inayoteketezwa ina mtu aliyeiwasha. Na mtu hupoteza funguo au kitambulisho. Mtu aliyefukuzwa shambani usiku hakupoteza makao, alinyimwa. Tanzania wanafundisha historia kwa Kiswahili katika shule za msingi, na maficho haya yako wazi kwao kama yalivyo kwetu. Kubadilisha lugha ya kufundishia peke yake hakutoshi. Lugha yoyote humsaidia anayetaka kusema na humsaidia anayetaka kuficha.

Lakini vitenzi laini huishia wapi? Hoja ya mwalimu yule ni kwamba tukimtaja mtendaji tutachochea chuki. Mimi naona kinyume. Mtoto akifunzwa kwamba nyumba ziliteketea, hataridhika. Atakwenda nyumbani auliza nani aliziteketeza, na mezani, wakati wa chakula cha jioni, atapewa jibu la neno moja: jina la kabila. Kimya cha kitabu kinajazwa na neno lililo baya kuliko yote. Ilhali kabila zima haliwezi kuwa kiima cha kitenzi "choma". Kabila halishiki kiberiti. Waliochoma ni watu fulani, na wako waliowachochea, waliowalipa na waliowasafirisha. Tume ya Jaji Philip Waki ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2008 kwamba katika baadhi ya maeneo ghasia zilipangwa, na kwamba wanasiasa na wafanyabiashara walihusika. Wapo pia watu wa jamii ile ile waliowaficha majirani zao. Kumtaja mtendaji kwa usahihi ndiko kunakolitoa kabila kizimbani. Anayeepa kumtaja analiacha humo.

Sisemi mtoto wa Gredi ya 5 apewe ripoti ya tume akaisome. Umri una mipaka yake, na mwalimu ajuaye darasa lake ndiye wa kupima. Lakini hata kwa mtoto mdogo, "watu wabaya walichoma nyumba, na watu wengine wema waliwaficha majirani" ni sentensi yenye ukweli mwingi kuliko "machafuko yalizuka".

Mtu anayemsaidia mtoto jioni, basi, afanye nini? La kwanza, asome swali kwa sauti, kisha amwombe mtoto aliseme upya kwa lugha anayoiota usiku, iwe Kiswahili, Kikuyu, Kikalenjin au nyingine. Swali likivuka kutoka lugha moja hadi nyingine, kitenzi hulazimika kujieleza. Mtoto anayetafsiri lile swali la Wamaasai atakwama kwenye kitenzi, atauliza "ni walihama ama walihamishwa?" na hapo kazi ya historia itakuwa imeanza. Nyanya asiyesoma Kiingereza, anayedhaniwa hana msaada wowote, ndiye mtu bora zaidi wa kutafsiriwa swali hilo.

La pili, auliziwe mtendaji. Kila kitenzi cha kutendwa kinachokuja peke yake, kama vile walihamishwa, waliuawa, ilichukuliwa au zilichomwa, kifuatwe na swali dogo: na nani? Jibu lisipopatikana kitabuni, mtoto aandike kwamba kitabu hakisemi. Hilo pia ni jibu la kisomi.

La tatu, mtoto afunzwe kuuliza tunajuaje. Shosho anaposimulia, amuulize kwa adabu: hilo uliliona mwenyewe au ulisimuliwa? "Niliona", "niliambiwa" na "husemwa" ni vitenzi vitatu vyenye uzito tofauti, na mtoto anayevitenganisha ameshaanza kazi ya mwanahistoria. Simu nayo iulizwe vivyo hivyo. Programu ya akili mnemba haikuona wala haikuambiwa na mzee yeyote wa Subukia. Imekusanya maneno ya wengine, yakiwa na vitenzi vyao vya kuficha, na kuyarudisha yakiwa yamepigwa pasi. Ikisema "Wamaasai walihama", mtoto aiulize nani aliwahamisha, kisha alinganishe majibu hayo mawili.

La nne, mtoto aandike mwenyewe. Mzazi anayemwandikia mwanawe, au anayelipa saiba iandike, ameteka maji kwa pakacha.

Kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na wachapishaji wanaopeleka vitabu kwake kuidhinishwa, nina ombi. Kila kitabu cha somo la jamii na cha historia kisomwe na mtu mmoja wa lugha, ambaye kazi yake itakuwa vitenzi pekee. Asiangalie hijai wala alama za uakifishi. Aangalie kila mahali ambapo watu wamehama, ardhi imepatikana, vita vimezuka na maziwa yamegunduliwa, kisha amuulize mwandishi: na nani? Shuleni, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa somo la jamii, ambao mara nyingi katika shule za msingi ni mtu mmoja, waukutanishe mnyambuliko wa Jumanne na swali la Alhamisi. Mfano wa zoezi ni huu: andika sentensi tatu kuhusu mkataba wa 1904 ukitumia hama, hamisha na hamishwa, kisha eleza ni ipi inayoeleza vizuri zaidi yaliyotokea, na kwa nini. Somo moja, alama mbili: moja ya lugha na nyingine ya historia.

Agosti 2004, miaka mia moja baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana wakitaka ardhi yao irudishwe. Watoto walioyaona maandamano hayo kwenye televisheni leo ni wazazi, na wana wa kusaidia kazi za nyumbani. Wengi wao bado hawajui maandamano yale yalihusu nini, kwa kuwa daftari lao liliwaambia kwamba watu hao walihama tu. Wiki hii mtoto akikuletea swali la historia, mpe penseli na umwombe apige mstari chini ya kitenzi kabla hajafungua kitabu kutafuta jibu.